Mitaa ya nje ya jiji ipimwe kwa dakika, si kwa kilomita peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mitaa ya nje ya jiji inayomfaa mtu mwenye familia na kipato cha kawaida. Makala ilikuwa na nia njema, na naamini wasomaji wengi wameikata na kuihifadhi kama nilivyofanya mimi. Hata hivyo, jedwali lililoambatana nayo lilikuwa na safu tatu tu, yaani jina la mtaa, wastani wa kodi ya nyumba, na umbali wa kutoka katikati ya jiji kwa kilomita. Ni hesabu ya namna hiyo hiyo iliyoniingiza mimi na mke wangu katika kosa ambalo lilituchukua miezi 14 kulirekebisha.

Tulihama mtoto wetu wa pili alipozaliwa, kwa sababu nyumba tuliyokuwa nayo ilikuwa imetubana kiasi kwamba kitanda cha mtoto kilizuia mlango wa kabati. Tukapata mtaa ulio kilomita 28 kutoka mjini, wenye uwanja, miti na hewa safi, na kodi iliyokuwa chini kwa theluthi nzima ya ile tuliyozoea kulipa. Dalali alitupeleka kuiona nyumba Jumapili alasiri kwa gari lake, na akatuambia kwamba kufika mjini ni dakika 40 tu. Hakusema uongo. Zilikuwa dakika 40 kweli, lakini zilikuwa za Jumapili, za gari dogo lisilosimama vituoni, na zilikwisha pale barabara inapoingia mjini, si mlangoni pa ofisi yangu.

Jumatatu ya kwanza nilitoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri nikafika kazini saa 1 na dakika 20. Daftari nililoandika safari hizo ninalo hadi leo, na ukurasa wa siku ile unasomeka hivi: kutembea hadi kituoni dakika 14, kusubiri basi dakika 22, ndani ya basi la kwanza dakika 58, kuvuka barabara na kusubiri basi la pili dakika 9, ndani ya basi la pili dakika 7. Jumla ni dakika 110, na kati ya hizo 45 nilizitumia nikiwa nimesimama au natembea, muda ambao hauonekani kabisa mtu akipima umbali kwa rula juu ya ramani. Kurudi jioni kulikuwa kubaya zaidi, kwa kawaida saa mbili na dakika kumi.

Saa nne kwa siku, Mhariri, ukizizidisha kwa siku 22 za kazi ni saa 88 kwa mwezi, sawa na siku 11 za kazi za saa nane nane ambazo hakuna mwajiri anayezilipia. Kwa mwaka wenye siku 240 za kazi ni saa 960, yaani siku 40 kamili, usiku na mchana. Mtoto wetu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, alizoea kunisubiri sakafuni karibu na mlango akiwa na daftari lake la michoro. Mara nyingi nilimkuta amelala hapo hapo, penseli ingali mkononi, na mstari aliokuwa akiuchora umetoka kwenye karatasi ukaendelea juu ya sakafu. Nilikuwa nikimbeba kitandani bila kumwamsha, na kesho yake nikatoka kabla hajaamka.

Si mimi wa kwanza kugundua kwamba binadamu ana kiasi chake katika jambo hili. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Kiitaliano Cesare Marchetti, akijenga juu ya utafiti wa Yacov Zahavi kuhusu safari za watu mijini, alieleza kwamba watu wa nchi na zama mbalimbali huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku katika kwenda na kurudi, yaani nusu saa kila upande. Mtu anayetembea kilomita tano kwa saa hufika kilomita mbili na nusu kwa nusu saa, na ndiyo maana miji ya kale, ambayo wakazi wake walikwenda kwa miguu, haikuzidi sana upana wa kilomita tano. Treni na gari vilipokuja, watu hawakuupunguza muda wa safari. Walihamia mbali zaidi na muda ukabaki ule ule. Wapo wanaosafiri zaidi ya hapo na wanaishi, nami nilikuwa mmoja wao, lakini anayechagua mtaa leo ajue kwamba anapovuka saa moja kila upande tayari anaishi mara mbili ya kile ambacho watu wengi duniani wamekuwa wakikivumilia.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Nyumba za mbali haziwi rahisi kwa bahati wala kwa huruma ya wenye nyumba. Wachumi wamelieleza jambo hili tangu karne ya 19: ardhi hupungua bei kadiri unavyoondoka kwenye soko au katikati ya mji, kwa sababu anayeikalia analazimika kulipia umbali kwa njia nyingine. Kodi ndogo, kwa maneno mengine, ni fidia unayopewa mapema kwa ajili ya saa utakazopoteza baadaye. Kama fidia hiyo ingekuwa kamili, basi mtu wa mbali na mtu wa karibu wangekuwa wameridhika sawasawa, mmoja akifurahia uwanja na mwingine akifurahia muda. Wachumi wawili wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, waliipima dhana hiyo kwa takwimu za kaya za Ujerumani, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2008 walionyesha kwamba haikuwa hivyo. Watu wenye safari ndefu za kazini walijieleza kuwa na ridhiko dogo la maisha, na nafuu ya nyumba au mshahara haikuziba pengo hilo. Nadhani najua sababu moja, japo hii ni ya kwangu na si ya wataalamu: uwanja unauona siku ya kuhamia na ndani ya miezi mitatu umeshauzoea, lakini foleni huwezi kuizoea kwa sababu kila siku inakuja kivyake.

Na hata fedha yenyewe tunaihesabu nusunusu. Kuna kanuni ya zamani isemayo kwamba makazi yasizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya, na watu wengi huishia hapo. Taasisi moja ya Chicago, Center for Neighborhood Technology, ilipendekeza kanuni iliyo kamili zaidi, kwamba makazi na usafiri vihesabiwe pamoja na jumla yake isizidi asilimia 45, yaani 30 za nyumba na 15 za usafiri. Ukipima kwa mizani hiyo, mitaa mingi inayoitwa nafuu huacha kuwa nafuu. Sisi tuliokoa theluthi ya kodi, lakini nauli zetu wawili, za mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, zilimeza karibu nusu ya akiba hiyo, na nusu iliyobaki tulimlipa mama jirani aliyekuwa akikaa na watoto kuanzia shule inapofungwa hadi mmoja wetu arudi. Sijahesabu siku tulizochelewa na kulazimika kukodi gari, kwa sababu nilipofika kwenye ukurasa huo wa daftari niliamua kutojumlisha.

Naomba sasa niseme kidogo kuhusu kusubiri, kwa kuwa naona halizungumzwi. Mtu akifika kituoni bila kujua ratiba, kwa wastani husubiri nusu ya muda unaopita kati ya basi moja na linalofuata, endapo mabasi hayo yanapishana kwa mpangilio. Basi likija kila baada ya dakika 10 atasubiri tano. Likija kila baada ya dakika 30 atasubiri 15. Na yasipokuwa na mpangilio, yakaja matatu kwa pamoja kisha likafuata pengo refu, atasubiri zaidi ya hapo ingawa idadi ya mabasi kwa siku ni ile ile. Kwa hiyo mtaa ulio kilomita 30 kutoka mjini lakini una treni ya mara kwa mara na ya moja kwa moja unaweza kuwa karibu zaidi kuliko mtaa wa kilomita 15 unaohitaji kuunganisha mara mbili. Kila kuunganisha ni nafasi nyingine ya kuachwa. Tena ni muhimu kujua siku mbaya inakuwaje, wala si siku ya kawaida tu, kwa sababu ofisi haikuulizi wastani wako wa kufika. Inakuuliza kuhusu ile siku moja katika kumi uliyochelewa, na mwalimu wa chekechea anayekaa na mtoto wako getini saa 12 jioni anakuuliza hivyo hivyo.

Ningemshauri anayehama afanye jambo moja ambalo sisi hatukulifanya. Kabla ya kulipa hata mwezi mmoja, aende kulala kwa jamaa au mahali popote karibu na mtaa huo Jumatatu usiku, kisha Jumanne aamke na kusafiri hadi kazini kwake kwa saa zake za kawaida na kwa chombo atakachokitumia, halafu jioni arudi vivyo hivyo, akiwa na mzigo kidogo mkononi. Aandike dakika kuanzia mlango hadi mlango. Ikiwezekana arudie siku ya mvua. Zoezi hili linagharimu nauli ya siku mbili na uchovu kidogo. Sisi tuliligharamia kwa mkataba wa mwaka mzima na miezi miwili ya ziada ya kutafuta pa kuhamia.

Makala yenu ilitumia maneno "rafiki kwa familia" mara kadhaa bila kuyafafanua, isipokuwa kwa kutaja viwanja vya michezo. Viwanja ni vizuri. Lakini familia si watoto wanaocheza tu, ni ratiba ya watu wanne wanaopaswa kuwa mahali pane kwa saa tofauti na bado wakutane mezani jioni. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alipendekeza kwamba mitaa ya makazi ipangwe kwa kuizunguka shule ya msingi, shule ikiwa katikati na barabara kubwa zikipita pembezoni, ili mtoto afike darasani kwa miguu bila kuvuka barabara yenye magari mengi. Wazo lake limekosolewa kwa mengi tangu wakati huo, hasa kwamba mitaa iliyojifungia hivyo huwatenga wengine, ila kipimo chenyewe bado kinafaa kuliko picha za bembea. Swali la kuuliza ni kama mtoto wa miaka minane anaweza kwenda shuleni na kurudi bila mtu mzima kuacha kazi ili ampeleke.

Ili kulijibu inabidi mtu aitembee njia hiyo mwenyewe, polepole, saa ambayo watoto huitembea. Mke wangu aliwahi kupiga magoti kando ya barabara ya mtaa ule, watu wakimshangaa, ili aone kile anachokiona mtoto, akagundua kwamba magari yaliyoegeshwa yaliificha kabisa njia ya upande wa kulia. Kuhusu mwendo wa magari, Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka ukomo uwe kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochanganyika mara kwa mara na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, na sababu yake ni ya kifizikia: nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya gari lile lile likienda kilomita 30. Barabara pana iliyonyooka na isiyo na matuta ndani ya mtaa hupendeza kwenye tangazo la nyumba. Mimi sasa nikiiona huanza kuhesabu watoto.

Shule nayo isichunguzwe kwa sifa zake tu. Tuliambiwa shule ya karibu ni nzuri, na ni kweli ilikuwa nzuri, ila darasa la mtoto wetu lilikuwa limejaa na nafasi iliyopatikana ilikuwa katika shule ya upande wa pili wa reli. Anayehama aende ofisini kwa mkuu wa shule akaulize kama nafasi ipo kwa mtoto wa umri wa mtoto wake, kwa muhula anaotaka kuanza, na jibu alipate kabla ya mkataba wa nyumba kusainiwa. Zahanati, maji, taka na mawimbi ya simu ni mambo ambayo kila mtu hukumbuka kuyauliza, kwa hiyo siyarefushi.

Ila mafuriko watu huyasahau, hasa wanaonunua. Ardhi ya bei ya chini pembezoni mwa miji mara nyingi ni ardhi ya bonde, na muuzaji hukuonyesha wakati wa kiangazi. Wahandisi wanaposema eneo lina mafuriko ya miaka 100 hawamaanishi kwamba yatakuja mara moja kisha mkae salama karne nzima. Wanamaanisha kwamba kila mwaka uwezekano wake ni asilimia moja. Katika muda wa mkopo wa nyumba wa miaka 30 uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni takriban asilimia 26, zaidi ya robo. Tazama kuta za nyumba jirani, hasa zile ambazo hazijapakwa rangi upya, na umuulize mzee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi. Sisi tulionyeshwa alama hiyo mwezi wa tano wa kukaa kwetu, ikiwa kwenye usawa wa kiuno changu.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya mtu mwenye uwezo wa kuchagua, na kwamba wengi huenda mbali kwa sababu karibu pamewashinda. Ni kweli, wala sina la kumfundisha anayeondoka nyumbani usiku wa manane kwa kukosa njia nyingine. Huyo anastahili treni, si barua yangu. Ninaowaandikia ni wale ambao, kama sisi, wana uwezo wa kuchagua kati ya nyumba kubwa ya mbali na ndogo ya karibu, au kati ya mitaa miwili yenye kodi zinazofanana, nao wanachagua kwa kilomita kwa sababu ndizo walizopewa. Nitajibiwa pia kwamba siku hizi wapo wanaofanyia kazi nyumbani, na kwao umbali hauna uzito. Kwa anayeitwa ofisini siku mbili kwa wiki hesabu hubadilika kweli, na pengine uwanja na miti humfaa zaidi. Lakini atazame mkataba wake wa ajira unasemaje, kwa kuwa ruhusa ya mdomo iliyotolewa na meneja mmoja inaweza kufutwa na atakayemfuata, na nyumba haihamishiki.

Palipo na wazazi wawili wanaofanya kazi pande tofauti za jiji, desturi ni kutafuta mtaa wa katikati ili kila mmoja ataabike sawa. Nasi tulifikiri hivyo mwanzoni. Baadaye tuliona ni afadhali mmoja awe na safari fupi sana, dakika 20 hivi, hata kama ya mwenzake itakuwa ndefu, kwa sababu mtoto akipata homa mchana shule hupiga simu moja, na anayehitajika ni mtu mmoja anayeweza kufika upesi. Mwenye safari fupi si lazima awe mama. Kwetu ni mimi, na imenilazimu kubadilisha kituo cha kazi ndani ya idara ile ile ili iwezekane.

Hatimaye tulihamia nyumba yenye vyumba viwili, iliyo kilomita 11 kutoka mjini, isiyo na uwanja, na ambayo ukuta wake mmoja hupitisha redio ya jirani kila asubuhi. Kodi imerudi karibu na ile ya zamani. Kitanda cha mtoto bado kinagusa kabati, na wapo ndugu wanaotushangaa kwamba tuliacha miti tukarudi kwenye matofali. Safari ya mke wangu ni dakika 50 kwa basi moja, yangu ni dakika 18, na mtoto mkubwa sasa analala kitandani kwake akijua niko chumba cha pili.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha tena orodha ya mitaa ya nje ya jiji, ongezeni safu tatu: dakika za mlango hadi mlango saa moja asubuhi ya siku ya kazi, idadi ya kuunganisha, na nauli ya mwezi ikiwa imejumlishwa na kodi. Matangazo ya nyumba mnayoyapokea nayo yangeweza kutakiwa kutaja dakika badala ya maneno "karibu na mjini", ambayo nimeyaona yakitumiwa kwa nyumba zilizo ng'ambo ya mto usio na daraja. Mkikosa mtu wa kuzipima safari hizo, daftari langu lina safari za miezi 14, nami niko tayari kuliazima kwa mwandishi wenu yeyote, mradi akubali kupanda basi la kwanza pamoja nami Jumanne moja, saa 11 na nusu alfajiri, pale kituoni nilipokuwa nikisubiri.

Wako,
Msomaji na baba wa watoto wawili